Kitalu nyumba cha nailoni kwa bustani ya nyumbani Mtwara: kinafaa kwa joto letu na maji ya kisima yenye chumvi?

Mwana Mitengo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Ninaishi Mitengo, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Nyuma ya nyumba tuna eneo la mita 20 kwa 25, udongo wake ni wa kichanga, na tunatumia maji ya kisima ambayo yana chumvi kidogo. Ukiyanywa unaisikia, ingawa chai inanyweka. Mchicha, matembele, bamia na majani ya kunde vinastawi na vinatutosha kwa mboga ya nyumbani. Ninapokwama ni kwenye nyanya, pilipili hoho na matango. Nyanya nilizopanda msimu wa mvua zilirefuka vizuri na kutoa maua mengi, lakini sehemu kubwa ya maua ilipukutika bila kufunga matunda, na baadhi ya miche ilinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, ilhali udongo ulikuwa na unyevu.

Sasa fundi mmoja amenipa makisio ya kujenga kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15, chenye mabomba ya chuma na nailoni inayofunika kuanzia paa mpaka chini, pamoja na mipira ya umwagiliaji wa matone. Anasema humo ndani nitavuna nyanya mwaka mzima. Fedha ninayo, ila ndiyo akiba yote tuliyonayo, kwa hiyo ninaomba ushauri wa watu wanaolima ukanda wetu huu wa kusini na si wa Arusha wala Iringa. Je, kitalu cha namna hiyo kinafaa kwa joto la hapa? Maji yangu yataharibu kitu? Na eneo litakalobaki ningependa kupanda matunda machache ya familia. Nianze na yapi?

Mstaafu wa Ugani, Lindi

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili nimeliona likiwatia watu hasara katika ukanda wetu, na si kwa uvivu wao.

Kitalu nyumba kilichofunikwa kwa nailoni mpaka chini kazi yake ya kwanza ni kutunza joto. Njombe, Lushoto au miinuko ya Arusha, ambako usiku wa Juni na Julai baridi huwa kali, jengo hilo lina maana, kwa sababu nyanya ya nje hudumaa na ya ndani huendelea kukua. Sisi wa pwani joto halijawahi kutupungukia. Saa sita mchana, jua la Novemba likiwa utosini, ndani ya nailoni iliyofungwa pande zote joto hupita nyuzi 40 bila shida, na mtu mwenyewe hawezi kukaa humo kufunga miche kwenye kamba. Mmea nao hauwezi.

Kupukutika kwa maua yako kunatokana na jambo hilihili. Nyanya hufunga matunda vizuri pale ambapo usiku una nyuzi 15 hadi 20 hivi. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukabaki juu ya nyuzi 22 au 23, kama ilivyo kwetu kuanzia Novemba hadi Machi, chavua hudhoofika, ua halichavushwi ipasavyo, nalo huachia. Okota ua lililodondoka ulitazame kwa karibu: utaona limekatika pale kwenye kifundo kilicho katikati ya kikonyo, mkato safi, wala hakuna alama ya kutafunwa na mdudu. Kikonyo hugeuka njano kwanza, halafu kinaachana kwenye kifundo hicho. Mbolea haiwezi kuzuia hali hiyo, na ukiongeza mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi utazidisha majani tu. Kwa hiyo ukijenga jengo linaloongeza joto, utakuwa umelikuza tatizo lilelile kwa gharama kubwa.

Ila sikushauri uache kabisa. Pwani tunahitaji mambo mawili ambayo jengo linaweza kutupatia: kuzuia mvua isipige majani, na kuzuia wadudu wasiingie. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo majani ya nyanya yanayolowa kila siku hushikwa na baka jani haraka, na matunda hupasuka. Basi mwambie fundi wako akujengee mwavuli wenye kuta za neti: paa la nailoni yenye kinga dhidi ya miale ya jua, na pande zote nne neti ya kuzuia wadudu kutoka juu mpaka chini, bila nailoni ubavuni. Kuta zisipungue mita 2.5, kilele kipite mita 4, na kileleni pawe na uwazi wa urefu wote wa jengo, nao uwe na neti, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Ubavu mrefu uelekee upande unakotoka upepo. Kusi linavuma kwetu takribani miezi sita ya mwaka, na likikatiza upana wa mita 8 linafagia joto lote. Likilazimika kupita urefu wa mita 15 katikati ya mimea iliyofungwa kwenye kamba, linafia njiani.

Juu ya paa, katika miezi ya jua kali, tandika neti ya kivuli ya asilimia 30 hivi. Usinunue ile ya asilimia 70 au 80 kwa ajili ya nyanya, kwa sababu mmea utarefuka kutafuta mwanga na hautazaa. Nzito hizo waachie wenye vitalu vya miche ya maua.

Kuhusu vifaa, mabomba ya chuma yasiyopakwa zinki vizuri huliwa na kutu upesi kwa upepo wetu wa chumvi, hasa kama uko karibu na maji. Mirunda ni nafuu na inafaa, mradi ncha zinazoingia ardhini zikingwe dhidi ya mchwa, ambao kwetu hawamsamehe mtu. Mwambie fundi pia kwamba nailoni ya paa iweze kufunguliwa na kukunjwa kwa haraka, yaani isipigiliwe misumari. Kimbunga Kenneth kilipopita jirani na sisi na kuingia Msumbiji mwezi Aprili 2019, na Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 na kukata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi pale wilayani Kilwa, tahadhari zilitangazwa mapema. Mwenye paa la kufungua alikuwa na muda wa kulishusha na kulinusuru jengo.

Kuhusu kuvuna nyanya mwaka mzima, huyo fundi amekuahidi jambo ambalo hali ya hewa ya Mitengo haitamruhusu kulitimiza. Zao kubwa la nyanya pwani ni la kipupwe: sia mbegu Aprili, hamishia miche Mei, uvune Julai hadi Septemba. Hapo usiku umepoa, mvua zimekatika, na hata nje bila jengo nyanya hufunga. Jengo linaurefusha msimu huo upande huu na upande ule, na hiyo ni faida ya kutosha. Katikati ya joto lenyewe, Desemba hadi Februari, humo ndani panda matango, pilipili kali na bamia, au uache udongo upumzike.

Suala la miche kunyauka ikiwa ya kijani linanitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaeleza. Usijenge chochote juu ya udongo huo kabla hujajua ni nini kilichoiua. Kata shina la mche unaonyauka, inchi tatu hivi juu ya ardhi, ulining'inize kwenye bilauri safi yenye maji masafi yasiyo na rangi, tuliza, usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Utuletee jibu hapa.

Mama Bustani, Shangani

Mdogo wangu, mzee amesema kweli tupu kuhusu joto, nami nitagusa maji, kwa kuwa Shangani tunaishi na chumvi.

Kusema maji yana chumvi kidogo hakutoshi. Tafuta kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwani chumvi ikizidi nayo huzidi, au upeleke chupa ya maji kwenye maabara ya maji. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuhusu maji ya umwagiliaji ni huu, kwa kipimo cha dS/m: chini ya 0.7 unamwagilia lolote bila hofu, kati ya 0.7 na 3.0 unachagua mazao na kumwagilia kwa uangalifu, na ikipita 3.0 mazao mengi yatakusumbua. Upime mwishoni mwa kiangazi, Oktoba, kwa sababu visima vingi vya pwani huongezeka chumvi wakati huo na kupungua baada ya mvua.

Maharage, karoti na vitunguu haviwezi kabisa kuvumilia chumvi, kwa hiyo usivipe kisima hicho. Pilipili hoho nayo ni dhaifu, nyanya na tango zina afadhali. Bitiruti, pamoja na spinachi hii tunayoila huku ambayo ni ndugu yake wa damu, zinastahimili sana, na kunde vilevile, ndiyo maana zinakupa mboga bila kelele. Ukimwagilia maji ya namna hiyo, yaende kwenye udongo na yasiguse majani, kwa hiyo mipira ya matone ni sahihi, lakini keni ya kumwagilia juu ya majani saa saba mchana inaacha madoa ya kuungua.

Kuna jambo moja ambalo wauza vitalu nyumba hawalisemi. Bustani ya nje inayomwagiliwa maji ya chumvi kiangazi chote husafishwa na masika. Mvua inaisukuma chumvi chini, mizizi isiifikie. Chini ya paa la nailoni mvua haifiki kamwe. Chumvi inayoletwa na kila tone la maji inabaki hapohapo, mmea unakunywa maji na kuiacha, na kadiri misimu inavyopita utaona unga mweupe juu ya tuta, hasa kwenye ukingo wa sehemu iliyolowa, pale maji ya tone yanapoishia. Majani ya chini yataanza kukauka kwenye kingo, na matunda ya nyanya yataoza kitako hata kama unamwagilia kila siku, kwa sababu mmea unashindwa kuvuta maji yenye kalisi ya kutosha. Dawa yake si ngumu: paa likunjwe wakati wa mvua kubwa baada ya kuvuna, udongo unyeshewe barabara kwa wiki kadhaa. Udongo wetu wa kichanga una ila nyingi, lakini katika hili unatusaidia, maana unajisafisha haraka.

Na kabla ya nailoni yoyote, nunua gata na tangi. Mvua ya milimita 10 tu juu ya paa la bati la mita 100 za mraba ni lita 1,000, na mwaka mzima huku kwetu tunapata mvua nyingi sana kuliko hiyo. Mfuko wa fedha ukiruhusu, paa la kitalu chenyewe nalo liwekewe gata, kwani mita 8 kwa 15 ni mita 120 za mraba. Miche 250 ya nyanya inakunywa kati ya lita 250 na 500 kwa siku kulingana na jua, kwa hiyo tangi la lita 5,000 halitakufikisha mwisho wa kiangazi. Ila ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima, umeipunguza chumvi karibu nusu. Miche michanga ipewe ya mvua peke yake mpaka ishike.

Kingine, kichanga chetu hakishiki maji wala chakula. Samadi ya mbuzi iliyooza, mboji, na matandazo ya majani makavu au nyasi. Mbolea ya kuku ni kali na ina chumvi yake, usiiweke mbichi. Watu wengi hutumia vumbi la makumbi ya nazi kwenye vitalu vya miche na ni zuri sana, linashika maji muda mrefu, lakini uliza limetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kutengeneza kamba yamelowa maji ya bahari. Lioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, uonje maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi.

Mkulima wa Newala

Habari zenu nyote. Mzee wangu Mstaafu, ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila ningeomba dada yetu asitoke hapa akiamini kwamba kitalu nyumba ni kitu cha watu wa baridi tu. Mimi ninacho, Newala, kina nailoni juu na nusu ya ukuta, na kinanilipa. Ni kweli kwamba uwanda wa Makonde umeinuka, Newala ipo zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wetu ni wa kujifunika. Huku taabu yetu ni maji. Hapo Mitengo nisingeweka nailoni ukutani. Lakini faida kubwa ya jengo, kwangu, haikuwa mvua wala joto. Ilikuwa kanitangaze.

Kwa wasiomfahamu kwa jina hilo, huyu ni nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba ndani ya jani la nyanya, jani likabaki na mabaka yanayopitisha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta, kisha huingia kwenye tunda kupitia chini ya kikonyo. Aliingia Tanzania mwaka 2014 na tangu hapo mkulima wa nyanya wa nje analazimika kupuliza dawa mara kwa mara, na dawa nyingi amezizoea. Wapo pia nzi weupe wanaoeneza ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa ya njano, ambao hauna tiba mche ukishaupata. Neti nzuri inawazuia wote wawili. Nyanya za watoto wangu hazina sumu, na hilo kwangu lina thamani kubwa kuliko bei ya sokoni.

Neti pekee haitoshi kama mlango ni mmoja. Jenga milango miwili ya kuingilia, yaani mlango wa kwanza, kijichumba cha mita moja na nusu, halafu mlango wa pili, na mlango wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa. Nimeona vitalu vya gharama ambavyo mlango wake umeegemezwa jiwe kutwa nzima ili hewa iingie. Hapo kanitangaze anaingia na hana adui anayemfuata. Chagua neti kwa akili pia. Yenye matundu madogo kabisa inazuia hata nzi weupe lakini inabana upepo, na kwenu upepo ni uhai. Ndiyo sababu uwazi wa kileleni alioutaja mzee si wa hiari. Ukibana ubavuni kwa neti ndogo, fidia juu.

Kumbuka pia kwamba neti inawazuia nyuki. Nyanya inajichavusha yenyewe ikitikiswa, kwa hiyo gonga kamba zilizoshikilia miche kila asubuhi, saa tatu au nne, unga wa chavua ukiwa mkavu. Tango la kawaida linahitaji nyuki: ama uchavushe kwa mkono, ua dume juu ya ua jike lenye kitango kidogo nyuma yake, ama ununue mbegu ya aina inayozaa bila kuchavushwa. Uliza duka la pembejeo kabla ya kulipa, mbegu hizo ni ghali.

Mwana Mitengo

Asanteni sana wote, nimesoma kila neno na mume wangu pia amesoma. Nimefanya jaribio la bilauri kwa mche uliokuwa umeanza kunyauka. Kweli, baada ya muda mfupi uzi mweupe mwembamba ulishuka kutoka kwenye shina, halafu maji yote yakawa na ukungu. Nimeng'oa na mizizi: mingine ina vinundu vinundu vimevimba. Je, vinundu hivyo ni sehemu ya ugonjwa huo? Na ina maana eneo lote limeshaharibika? Fundi anasema atatia dawa kwenye udongo na yataisha.

Mstaafu wa Ugani, Lindi

Pole mwanangu, lakini heri umejua sasa. Hayo ni mambo mawili tofauti yanayosaidiana kuua. Uzi mweupe ni bakteria wa mnyauko. Vinundu ni kazi ya minyoo fundo, wadudu wasioonekana kwa macho ambao hupenda sana udongo wa kichanga, na majeraha wanayoyafanya kwenye mizizi ndiyo mlango wa bakteria. Usivichanganye na vinundu vya mizizi ya kunde, ambavyo vina manufaa: cha kunde kimeshikana pembeni mwa mzizi na ukikigusa kwa kucha kinabanduka, cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na hukibandui bila kuukata.

Usimlipe fundi kwa dawa ya udongo. Bakteria huyu hukaa ardhini miaka mingi, na hakuna dawa ya dukani ya kumwaga itakayommaliza kwenye bustani ya nyumbani. Anashambulia ukoo mzima wa nyanya: nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, hata mnavu. Miche iliyonyauka ing'olewe pamoja na udongo wa mizizi na ichomwe, isitupwe kwenye shimo la mboji. Jembe lililotumika huko lioshwe kabla ya kuingia upande mwingine, na maji yasitiririke kutoka kwenye tuta hilo kwenda jingine.

Minyoo unaweza kuipunguza kwa jua letu wenyewe. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, lainisha udongo, umwagilie ulowe, kisha utandike nailoni angavu iliyobana juu yake, kingo zifukiwe, ikae wiki 4 hadi 6. Joto linalojikusanya chini ya nailoni hiyo huua minyoo mingi na mbegu za magugu katika tabaka la juu. Baada ya hapo panda ua la bangi mwitu, ambalo si bangi bali ni jamii ya marigold, na mizizi yake hupunguza minyoo.

Nyanya zako zitoke ardhini. Una njia mbili. Ya kwanza ni viroba: viroba safi vya kilo 25 au 50 vilivyotobolewa chini, vikajazwa udongo uliotolewa mahali ambapo mazao ya ukoo huo hayajapandwa, uchanganywe na mboji na vumbi la makumbi lililooshwa, na vikae juu ya matofali au nailoni visigusane na udongo wa chini. Kwa bustani ya familia hii ndiyo njia ningeianza mimi.

Ya pili ni kubebesha, yaani kuunganisha mche mmoja juu ya shina la mwingine, na hapa mkoa wako una bahati. Mafundi wa kubebesha miche ya mikorosho wamejaa Mtwara, wengi wamepitia mikononi mwa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kiko jirani nawe kabisa. Mkono unaoweza kubebesha mkorosho hautashindwa na nyanya. Kituo cha Dunia cha Mboga, ambacho kina tawi Arusha, kimeonyesha kwamba nyanya iliyobebeshwa juu ya shina la biringanya linalostahimili mnyauko huzaa kwenye udongo ulioambukizwa. Shina lao linalojulikana zaidi ni EG203. Biringanya husiwa siku kadhaa kabla ya nyanya kwa sababu huota polepole, na mashina yakiwa na unene wa kalamu ya risasi iliyochongwa nchani, yanakatwa mshazari na kuunganishwa kwa kijibomba kidogo cha mpira. Kisha miche ikae kivulini chini ya nailoni yenye unyevunyevu kwa wiki moja hivi, ikizoeshwa mwanga kidogo kidogo. Ukiihamishia bustanini, kiungo kibaki juu ya ardhi. Ukikifukia, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na bakteria ataingia kwa mlango huo.

Mama Bustani, Shangani

Nami nimalizie matunda, maana swali hilo limeachwa nyuma.

Papai kwanza, kwa sababu huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja. Mizizi yake haivumilii kutuama kwa maji hata kwa siku mbili, kwa hiyo panda juu ya kichuguu cha udongo uliochanganywa na samadi, shimo kwa shimo mita 2.5. Ukipanda kwa mbegu ulizozikamua mwenyewe, weka miche mitatu kila shimo, kwa kuwa hujui ipi ni dume mpaka ichanue: dume lina maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, jike lina ua moja kubwa lililoketi kwenye shina. Ng'oa madume, ubakize moja au mawili bustani nzima. Maji yako ya chumvi papai haliyapendi, kwa hiyo lipe ya mvua mpaka lifike kiunoni na ulitandazie majani mengi.

Kwenye uzio, pasheni. Chukua ya njano, kwa kuwa ile ya zambarau ni ya nyanda za juu na huku kwetu itakupa majani. Panda mashina mawili au zaidi yanayotokana na mbegu tofauti, kwani ua la pasheni ya njano halikubali chavua ya mmea wake wenyewe, na anayelichavusha ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za dari. Usimuue.

Migomba iende pale maji ya kunawia na ya kuogea yanapomwagikia. Ndimu moja inatosha nyumba nzima. Mwembe usiupande kwenye eneo la mita 20 kwa 25 ukiwa unataka mboga, kwa sababu ukishakomaa kivuli chake kitafika kila tuta. Na kama tayari upo kwa jirani, okota maembe yote yanayodondoka na uyafukie kina kirefu au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani, la sivyo nzi wa matunda wanaotoka humo watahamia kwenye matango na mapapai yako.

Mwana Mitengo

Tumekubaliana na mume wangu: gata na tangi mwezi huu, udongo wa matuta ya zamani utandikwe nailoni angavu Oktoba, na fundi nimemwomba makisio mapya ya paa lenye kuta za neti, mirunda badala ya mabomba, uwazi wa kileleni na milango miwili. Amesema bei itapungua. Nyanya zitakuwa kwenye viroba, nitasia Aprili. Mzee Mstaafu, nikipata mtu wa kubebesha hapa Naliendele nitaomba unielekeze mahali pa kuagiza mbegu ya hilo biringanya.

Mstaafu wa Ugani, Lindi

Uliza kwanza hapohapo Naliendele, halafu tawi la Arusha la Kituo cha Dunia cha Mboga. Ukikosa EG203, usibebeshe juu ya biringanya lolote la sokoni, kwa sababu mengi nayo hufa kwa mnyauko huohuo. Baki na viroba. Na hicho kipimo cha EC nunua kabla ya Oktoba.